Nilifungua picha za ubongo wa dada yangu kwenye laptop, nikawaambia nyumbani kwamba daktari amekosea upande

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenyeji na wageni.

Mimi humu ni mtu wa kusoma zaidi. Nakuja kwenye jukwaa la kompyuta, nachukua ninachohitaji, naondoka bila hata kugonga like. Leo naandika kwa sababu kuna jambo lilinikaa kifuani miezi mingi, na yule niliyepaswa kumwambia kwanza nimeshamwambia. Sasa naweza kuwaeleza na nyinyi.

Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana anayeonekana vibaya kwenye kisa hiki ni mimi mwenyewe. Majina nimeyabadilisha. Hospitali sitaitaja, na wala haina kosa.

Niko Bujumbura. Nakaa Kanyosha, na kazi yangu ni kutengeneza laptop na simu kwenye kibanda katikati ya mji. Nimezaliwa Buyenzi, kwa hiyo mkikuta Kiswahili cha kwetu na Kifaransa kimeingia humo ndani, mnivumilie.

Dada yangu namwita Zaina hapa.

Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka saba, Zaina kumi na tisa. Alikuwa na mchumba tayari, Hamadi, fundi magari. Akamwambia Hamadi asubiri mpaka mimi nifike umri wa kujipikia. Hamadi akasubiri miaka minne. Watu walimcheka, lakini alisubiri.

Zaina ni fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndiyo atelier yake, karakana ya kushonea. Kanzu za Idi, magauni ya harusi, uniform za shule, vyote vimepita mikononi mwake. Mimi nilisoma informatique, yaani mambo ya kompyuta, kwa cherehani ile.

Yeye hakusoma sana. Karatasi yoyote ikiingia nyumbani, ya kodi, ya umeme, ya hospitali, ataikunja aiweke mpaka nije niisome. Nikisema ni sawa, kwake ni sawa. Hata Hamadi alikuwa anamtania, "Huyu mume wako wa karatasi amefika."

Nawaambia haya ili mwelewe uzito wa neno langu katika nyumba ile.

Mwaka jana Zaina alianza kulalamika mkono wa kushoto. Haukuwa unauma. Alisema unachelewa.

"Nikiuambia ushike kitambaa, unashika nyuma kidogo," alisema. "Kama mutu anakusikia lakini hataki kuamuka."

Tukasema ni uchovu. Kisha kikaja kichwa cha asubuhi, kinamwamsha kabla ya adhana na kupungua kufikia saa nne. Tukasema ni macho, anashona sana. Nikampeleka akapimwa macho, akapewa miwani, akaivaa wiki mbili akaiweka.

Ijumaa moja baada ya swala tulikuwa tunakula pamoja kwake. Zaina alikuwa anampakulia Hamadi wali. Kijiko kikaanza kutetemeka, kisha mkono mzima wa kushoto, kisha uso ukavutwa upande, akaanguka kwenye mkeka. Mwili ulimtikisika dakika kama mbili. Alipoamka hakujua ni siku gani. Alichouliza ni kama Hamadi amekula.

Ndipo tukaingia njia ya hospitali. Scanner kwanza, halafu IRM, ile mashine ya kulala ndani kama ndani ya bomba, inayopiga picha za ubongo vipande vipande.

Daktari wake alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, sauti ya chini. Nitamwita Docteur Spès. Alituita watatu, mimi, Zaina na Hamadi, akatueleza kwamba kuna uvimbe upande wa kulia wa ubongo, sehemu ya mbele kuelekea utosini. Haujaota ndani ya ubongo wenyewe, umeota kwenye ngozi inayoufunika, lakini unausukuma. Unatakiwa kutolewa.

Mpasuaji wa kazi ile alikuwa anakuja kutoka nje ya nchi kwa siku chache, kisha anaondoka na kurudi baada ya wiki kadhaa. Zaina akawekwa kwenye orodha ya Alhamisi, siku kumi mbele. Akasaini.

Tukapewa rapport, yaani ripoti, ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa, na CD.

Hapa ndipo mimi naingia, wakuu.

Kabla ya hapo, mwanafunzi mmoja wa udaktari anayekaa Kinanira aliwahi kuniletea laptop yake nimwekee Linux. Alikuwa anaandika mémoire, tasnifu yake ya kumaliza masomo, kuhusu picha za ubongo, na programu anazotumia zinaendeshwa kwa terminal. Yaani hakuna kubonyeza vitufe vya rangi rangi, unaandika amri kwa maneno, unapiga Enter, mashine inatii. Nilikaa na kazi ile siku tatu. Nikajua jinsi ya kuchukua mamia ya faili za picha, kuzigeuza ziwe faili moja, na kuifungua ili uweze kupita ndani ya kichwa tabaka kwa tabaka.

Nilijivunia sana. Nilihifadhi amri zote kwenye faili moja, nikaiita "cerveau", yaani ubongo.

Jumapili mchana nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikaingiza CD ya Zaina. Ile programu iliyokuja humo ndani ya CD haikukubali kwenye laptop yangu, lakini mimi sikuihitaji. Nikafungua terminal. Nikanakili folder nzima kwenye disk. Faili zilikuwa zaidi ya mia nne, hazina majina ya maana, namba tupu.

Amri ya kwanza ikazigeuza. Mistari ikashuka kwenye screen, na kati ya mistari ile nikaona jina la dada yangu kamili, na la baba yetu, na tarehe ya kuzaliwa ya kukisia, maana ya kweli hakuna anayeijua. Nilishtuka kuona jina lake pale, herufi kubwa, katikati ya namba.

Amri ya pili ilikuwa ya kufungua picha. Hiyo sikuiandika mimi. Niliitoa kwenye faili langu la "cerveau", ambako niliibandika kutoka ukurasa fulani wa mtandao wa mtu aliyetaka picha safi kwa ajili ya kitabu. Mwishoni mwake ilikuwa na maneno haya:

--hideCursor --hideLabels

La kwanza linaficha msalaba unaokatiza picha. La pili linaficha herufi ndogo za pembeni. Kwangu ilikuwa mapambo tu. Picha ilikuwa inatoka nzuri bila yale makorokoro.

Nikapiga Enter.

Wakuu, sijui kama kuna mmoja wenu amewahi kuona ndani ya kichwa cha mtu aliyemlea. Kwanza nilimjua. Kwenye picha ya ubavuni kulikuwa na pua yake, kidevu chake, ule mdomo wa juu uliochomoza kidogo. Nikasogeza tabaka, macho yakatokea, mawili, mviringo. Nikasogeza tena, ukaja ubongo wenyewe na mikunjo yake.

Halafu nikakiona. Kitu cheupe, cha mviringo, kama kitunguu kilichomenywa, kimekaa pembeni na kusukuma mikunjo yote upande mmoja.

Nilikaa nikikiangalia muda mrefu. Nililia kidogo, sina haja ya kuficha.

Nilipofuta macho nikachukua rapport niisome vizuri. "Région frontale droite." Kulia.

Nikaangalia screen. Kitu kilikuwa kushoto.

Nikasoma tena karatasi. Nikaangalia tena screen. Nikainua mkono wangu wa kushoto nikagusa kichwa changu upande ule ule, kuhakikisha sijachanganyikiwa. Kushoto.

Nikafunga kila kitu, nikaanza upya, nikageuza faili upya, nikafungua upya. Nikafungua na zile picha nyingine zilizopigwa kwa namna tofauti. Zote kushoto. Nilirudia mara nne, na kila mara ilipotoka vile vile nilizidi kuamini. Sikujua kwamba nilikuwa narudia kosa lile lile mara nne.

Sasa wekeni akili zenu pale nilipokuwa. Dada yangu anapasuliwa kichwa baada ya siku chache. Karatasi inasema kulia. Macho yangu yanaona kushoto. Na kila mtu mtaani ana hadithi ya jamaa aliyefanyiwa operesheni ya mguu usiokuwa na ugonjwa.

Nilikuwa na namba ya Docteur Spès. Alitupa yeye mwenyewe. Ningeweza kumpigia dakika ile ile.

Sikumpigia. Nilijiambia wakishajua nimegundua watabadilisha karatasi na kuficha. Ukweli mwingine, ambao nimeukubali baadaye, ni kwamba nilikuwa na raha. Katikati ya hofu ile kulikuwa na raha ya kuwa mimi ndiye niliyeona kile ambacho daktari hakuona.

Nikaenda kwa Zaina, Buyenzi, na laptop begani.

Hamadi alikuwa uani, chini ya gari la mteja. Nikamwita akatoka, nikamwonyesha kwenye screen, nikamwonyesha na karatasi. Aliangalia huku anafuta mikono kwa tambara.

"Mi mutu akiniletea gari, naanza kuuliza sauti inatoka wapi," alisema. "Hawa wanataka kufungua upande iko muzima?"

"Ndivyo karatasi inavyosema, shemeji."

"Subhanallah." Akakaa chini kwenye tairi.

Zaina alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua amesikia kuanzia wapi. Hakuomba kuona picha. Aliniuliza swali moja tu.

"We umeona na macho yako?"

"Nimeona, dada."

"Basi mi siendi."

Akaingia ndani.

Alhamisi ikafika, hatukwenda. Hospitali ikapiga simu, Hamadi akajibu kwamba tumeahirisha, tunatafuta avis, yaani maoni, ya daktari mwingine. Ilikuwa kweli nusu. Tulisema tutatafuta, lakini kila mmoja alimwachia mwenzake.

Siku ya pili yake Docteur Spès alipiga mwenyewe, kwenye namba yangu.

"Zaina hajambo?"

"Hajambo, Docteur."

"Mpasuaji yupo mpaka Jumanne. Bado naweza kumwingiza." Kisha akauliza: "Kuna jambo limewatisha?"

Wakuu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Mama wa watu aliniuliza kwa upole, kwa Kiswahili, bila haraka.

"Apana, Docteur," nikasema. "Tunafikiria tu."

Mpasuaji akaondoka Jumanne.

Wiki zilizofuata sipendi kuzikumbuka lakini nitazisema. Zaina alianza kurudisha vitambaa vya wateja vikiwa havijakatwa. Aliwaambia amechoka. Mkono wa kushoto ukawa wa kuweka pajani. Kisha mguu wa kushoto nao ukaanza kuvuta, ndala inatoka njiani bila yeye kujua. Alikuwa anatembea ameshika ukuta wa uani.

Mimi nilikuwa natafuta kwenye mtandao hospitali za Kigali na Dar, naandika barua pepe ndefu zenye picha nilizozitoa mwenyewe, bila herufi. Hakuna aliyejibu. Hamadi aliacha kuniuliza. Alikuwa ananiangalia tu nikiingia.

Asubuhi moja Zaina alianguka kwenye bafu. Safari hii mwili ulitikisika muda mrefu zaidi, ukakoma, ukaanza tena. Hamadi alimbeba mpaka kwenye gari la mteja na kumkimbiza hospitali ile ile. Alilazwa.

Kesho yake nilikwenda kwa Docteur Spès na laptop. Na niwe mkweli, sikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda kumkabili. Nilikuwa nimejiandaa na maneno.

Alikuwa ofisini anakula ndizi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Aliniambia nikae. Mimi nikaweka laptop mezani nimesimama.

"Docteur, kwa heshima zote, hii rapport iko na kosa. Inasema kulia. Angalia mwenyewe."

Aliiweka ndizi pembeni, akasogeza kiti, akaangalia. Sura yake haikubadilika.

"Umezifungua mwenyewe hizi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Swali hilo sikulitarajia. Nikaanza kumweleza habari za Linux, za amri, za faili mia nne. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ego," alisema, yaani ndiyo kwa Kirundi. "Wanafunzi wangu wengi hawawezi kufanya hivi. Sasa simama hapa mbele yangu, tuangaliane."

Nikasimama mbele yake.

"Nionyeshe mkono wangu wa kulia."

Nikanyoosha kidole. Kilikuwa kinaelekea upande wangu wa kushoto. Nikabaki nimekinyoosha hivyo.

"Mgonjwa tunamsoma hivyo," alisema. "Kama amelala chali na sisi tumesimama miguuni kwake. Kulia kwake kunakuja kushoto kwetu. Ndiyo desturi ya madaktari, huku na kwingine. Lakini picha yako ingekuambia. Herufi za pembeni ziko wapi?"

Nilifunga picha, nikarudi kwenye terminal, nikapandisha amri ya mwisho. Nikafuta yale maneno ya mwishoni, moja baada ya jingine. Nikapiga Enter.

Picha ikarudi ile ile, kitu cheupe pale pale. Ila sasa kila upande ulikuwa na herufi moja ndogo. Upande wa kushoto wa screen, karibu kabisa na kile kitu, ilikuwa imeandikwa R.

Right. Kulia.

Docteur Spès alingoja nimalize kuisoma herufi moja.

"Hata bila herufi," akasema, "mkono uliolegea ni upi?"

"Wa kushoto."

"Upande wa kulia wa ubongo ndio unaotuma mkono wa kushoto. Hii ndiyo sababu hatukuwa na shaka. Mkono wake ulisema tangu siku ya kwanza."

Nikakaa. Kiti nilichokikataa mwanzoni nikakikalia.

"Siku ile nilipokupigia simu," akauliza, "ni hili lilikuwa limewatisha?"

"Ndiyo, Docteur."

"Ungeniuliza."

Angenifokea ningepata nafuu. Alichukua kalamu, akaanza kuandika dawa za kupunguza kuvimba kwa ubongo na za kuzuia mtikisiko, akaniambia mpasuaji anarudi baada ya wiki tatu, na kwamba Zaina atakuwa wa kwanza kwenye orodha kama familia inakubali. Nikasema inakubali.

Nilimwambia Hamadi siku hiyo hiyo, kwenye maegesho ya hospitali. Nilimweleza yote, mpaka herufi. Alikuwa ameegemea gari.

"Kwa hiyo iko upande ya kulia vile walisema."

"Ndiyo."

"Na sisi tumemuweka nyumbani wiki ngapi?"

Nilimtajia. Akaangalia chini.

"Mi sitamwambia," alisema. "Hii ni yako."

Nami sikumwambia, wakuu. Niliingia wodini, nikamkuta ameketi kitandani na kilemba chake cha bluu, nikamwambia docteur ametueleza vizuri sasa, mambo yako sawa, tunaweza kwenda. Aliniangalia.

"Upande gani?"

"Ule ule wa karatasi."

"Sawa," akasema.

Hakuuliza lingine. Nilishukuru kwamba hakuuliza, na aibu ya kushukuru huko ninayo mpaka leo.

Alipasuliwa. Tulikaa nje kuanzia asubuhi mpaka baada ya alasiri, mimi na Hamadi, viti viwili. Mpasuaji alitoka akasema kimetoka chote. Baadaye vipimo vikaonyesha si saratani. Alhamdulillah.

Kichwa kiliacha kuuma. Mtikisiko haujarudi. Mguu umerudi karibu wote.

Mkono haukurudi wote. Anashika kikombe, anafunga kilemba chake, lakini vidole viwili havifuati. Kitambaa chepesi kinamponyoka. Magauni ya harusi ameacha. Anashona mashuka na mapazia, vitu vya mstari mnyoofu, na kwa kukata amemweka binti wa jirani.

Nilimuuliza Docteur Spès kama ni zile wiki za kukaa nyumbani zilizouharibu mkono. Nilimtaka aniambie ndiyo au hapana.

"Sijui," alisema. "Labda mkono ungekuwa hivi hivi. Labda la. Hakuna atakayekuambia kwa uhakika."

Aliniambia na jambo lingine. Ile Alhamisi tuliyoiacha, nafasi alipewa mzee mmoja mkulima wa mpunga kutoka Buterere, ambaye alikuwa ngazi ya chini kwenye orodha na hali yake ilikuwa inaharibika haraka. Alipona. Nilifurahi kwa ajili yake na watoto wake. Lakini sikumpa nafasi ile kwa hiari, kwa hiyo siwezi kujihesabia kama wema.

Miezi minne ikapita baada ya operesheni. Nilikuwa naenda Buyenzi kila Jumapili kama kawaida, nasoma karatasi, natengeneza simu. Zaina alikuwa ananipakulia chakula kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshikilia sahani kwa shida, na mimi nakula.

Jumapili moja Hamadi alikuwa msikitini. Zaina alikuwa anakunja mapazia ya mteja. Nikamsaidia kukunja, yeye ncha moja mimi ncha nyingine, na tukiwa tumeshika lile pazia katikati yetu nikamwambia. Nilianza na CD, nikaenda mpaka simu ya docteur na lile "apana" langu. Sikumweleza kwa maneno ya kompyuta. Nilimwambia nilificha alama ya kuonyesha upande, mimi mwenyewe, kwa sababu nilitaka picha nzuri. Halafu nikaisoma kinyume, nikamweka nyumbani.

Alikunja ncha yake akaileta kwenye ncha yangu, akachukua pazia, akaliweka juu ya mengine.

"Najua," alisema.

Nilidhani sijasikia.

"Docteur alinieleza siku moja mbele ya operesheni. Nilimuuliza kwa nini ndugu yangu aliona upande mwingine, akanionyesha kwa picha. Alitaka kukuita tuzungumuze watatu. Nikamukataza."

"Kwa nini, dada?"

"Nilitaka uje we mwenyewe." Akachukua pazia lingine, akanipa ncha. "Umechukua siku mingi."

Nikaomba msamaha. Sikumbuki nilisema maneno gani, ila yalikuwa mengi na hayakupangika. Alinisikiliza huku anakunja.

"Ile ya kukosea, we ni mutu, utakosea," alisema mwishoni. "Mi ndo nilikuuliza kama umeona, na kweli ulikuwa umeona. Lakini kila Jumapili unakuja, unakula, unaangalia mukono yangu, unanyamaza. Hiyo ndo ilikuwa inaniuma. Nilikuwa najiuliza, huyu mutoto nililea ameanza kuniogopa lini?"

Nikachukua pazia lililofuata, nikampa ncha.

Tulikunja mapazia yaliyobaki. Hamadi aliporudi alitukuta tumekaa kando ya mapazia, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Akaenda kuweka chai.

Hicho ndicho kisa changu, wakuu.

Nilichojifunza nitakisema kwa maneno machache. Kufungua kitu na kukisoma ni kazi mbili. Ile ya kwanza niliijua vizuri, na ndiyo iliyonifanya nidhani ya pili naijua. Ningekuwa sijui kabisa, ningemuuliza daktari. Na mtu anayetuamini kwa sababu ya elimu kidogo tuliyonayo, anatudai uangalifu mara mbili, maana yeye hana namna ya kutuhakiki.

La pili ni la simu. Daktari akikuuliza kama kuna jambo limekutisha, mwambie. Hata kama unadhani ni yeye aliyekosea. Sema pale pale, kwa adabu, umsikilize.

Faili langu la "cerveau" bado ninalo. Nimelifungua, nimeondoa yale maneno ya mwishoni kwenye kila mstari.

Kwa wale wa jukwaa hili mnaohitaji msaada wa kufungua CD za aina hii kwenye Linux, ulizeni hapa chini, amri nitawapa zote na nitaeleza kila neno linafanya nini. Ila msinitumie picha za wagonjwa wenu niwaambie naona nini. Kufungua nitakufungulia. Kusoma, apana.

Na kama kuna aliyewahi kumshauri mgonjwa wake vibaya kwa nia njema, na bado hajamwambia, akiandika hapa nitamsoma na sitamhukumu. Lakini kabla ya kuniandikia mimi, aende kwanza kwa mwenyewe. Inawezekana anajua, na anamngoja.